Abee ya Mchana

Hapo zamani, miombo ilipokuwa bado inafika hadi nyuma ya nyumba za watu, paliishi mfinyanzi wa vyungu jina lake Nyamizi. Alikuwa mjane, hana mtoto. Ua wake ulipakana na ua wa Kalunde, ambaye mumewe alifia safarini kabla hajamwona mtoto wake.

Asubuhi moja Kalunde alimletea Nyamizi kile kichanga, Kabula, mtoto wa miezi mitano. Alieleza kwamba mama mkwe wake, Bibi Milembe, amemtuma uyoga, na uyoga wa mvua za kwanza haungoji.

"Nishikie kidogo, dada," akasema. "Jua halijafika utosini nitakuwa nimerudi."

Akaingia msituni na kikapu chake. Jua likafika utosini, likapita, likatua. Kalunde hakurudi.

Watu walimtafuta siku tisa. Waliziona nyayo zake zimekwenda vizuri hadi penye mchanga mweupe, kisha basi. Hazikuendelea mbele, hazikurudi nyuma. Wakaweka matanga bila maiti.

Mtoto akalia njaa. Bibi Milembe alikuwa na mbuzi mmoja tu wa maziwa. Akamleta, akamfunga mlangoni kwa Nyamizi, akaondoka bila kumtazama mtoto. Tangu siku hiyo hakuja tena, wala hakuuliza hali ya mjukuu wake. Nyamizi ndiye aliyemlea. Alimkesha alipougua surua, akamfundisha kutembea akijishikiza kwenye vyungu vibichi, na vingi vikabonyea. Kabula alipoanza kusema alisema "mama", na aliyeitika ni Nyamizi.

Ikapita miaka sita. Ndipo Bibi Milembe akatokea, akasema mtoto sasa ameshapata akili, arudi kwenye ukoo wake. Nyamizi hakugombana naye. Alijitwika chungu kizuri kuliko vyote alivyopata kufinyanga, akaenda kwa mtemi, akaomba Kabula atangazwe kuwa mwanawe mbele ya watu, asije akanyang'anywa.

Mtemi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mtoto hapewi mtu kabla mama yake hajaitwa," akasema. "Nenda ukingoni mwa msitu, jua likiwa utosini, umwite kwa jina lake. Siku tatu. Asipoitika, mtoto ni wako. Na mwitaji ni wewe mwenyewe."

Siku ya kwanza Nyamizi aliita. Ndege wakanyamaza, nyenje wakanyamaza, msitu mzima ukawa kama mtu anayetega sikio. Hakuna aliyeitika.

Siku ya pili aliita. Mwangwi wa sauti yake ulimrudia, lakini ulichelewa, kana kwamba huko ndani kuna mtu aliyeushika kwanza, akaupima, ndipo akauachia.

Siku ya tatu wazee walisimama mbali nyuma yake. Nyamizi alijua kwamba akilitamka jina lile kwa kunong'ona, hakuna atakayejua, na jioni atalala na mwanawe. Midomo yake ikaanza kunong'ona. Kisha akamfikiria Kabula akiwa mtu mzima, akimuuliza, Je, mama yangu ulimwita kweli? Akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote.

"Abee," sauti ikaitika, karibu sana.

Kalunde akatoka katikati ya miti. Kaniki ni ile ile. Kikapu ni kile kile, na uyoga ndani yake ulikuwa bado una umande. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Kifua chake kililowa maziwa.

"Dada, mbona umeota mvi?" akauliza. "Mtoto amelia sana?"

Wakamleta Kabula. Kalunde alimpita kwa macho, akawa anatazama mikono ya watu, anatafuta kichanga. Alipoelezwa, akakaa chini palepale.

"Ulikuwa wapi?" Kabula akamuuliza.

"Hapo tu," akajibu. "Niliinama mara moja."

Zilipopita siku chache, shauri likasikilizwa barazani kwa mtemi. Kalunde alisema hakumtupa mtoto. Yeye aliondoka asubuhi na amerudi mchana. Aliyemwibia miaka hiyo hamjui, na asizidishiwe wizi. Nyamizi alisema miaka ambayo mwenzake hakuiona, yeye aliiona yote, siku kwa siku, na hata aliyemrudisha huyu ni yeye, kwa sauti ambayo angeweza kuificha. Bibi Milembe alisimama mwisho. Alikiri kwamba ni yeye aliyemtuma mkwewe msituni, na ndiyo maana hakuthubutu kumtazama mtoto usoni. Lakini maziwa yaliyomwokoa yalitoka kwake.

"Na mnamwona Kalunde mchana," akasema. "Jua likifika utosini anageukia msitu, midomo yake inaitika. Huko hawajamwacha. Mimi ninao ndugu ng'ambo ya mto, kusiko na miti. Nipeni damu yangu niipeleke mbali."

Nyamizi aliona aibu, maana hayo alikuwa ameyaona na hakuyasema. Angehama na mtoto na vyungu vyake, lakini angemwachaje Kalunde peke yake? Asiye na mtu wa kumshika huku angerudi kule msituni.

Wakati huo jua likafika utosini. Ndege wakanyamaza. Kalunde akageuza uso kuelekea msituni, taratibu. Na Kabula, aliyekaa mapajani mwa Nyamizi, akageuka vilevile.

"Abee," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nyamizi akamkumbatia mtoto. Kalunde akazinduka, akaushika mkono wa kushoto wa Kabula. Bibi Milembe akaushika wa kulia. Mtemi akainuka na fimbo yake, akaketi tena, akasema neno hili limemshinda, waliamue waliohudhuria. Nao hawajakubaliana hata leo.

Basi nawageuzia ninyi mnaonisikiliza. Mmoja alimzaa, mmoja alimlea, mmoja alimwokoa na njaa na anaijua njia ya kumtorosha. Je, mtoto yule angestahili kupewa nani?