Aliyemlisha Salha

Hapo zamani, wala si zamani ya waliokwisha kuzikwa, bali zamani hii ya karibu ambayo watoto wake hawajang'oa jino la kwanza, aliishi katika mji wa Muheza mwanamke aitwaye Salha, mke wa Mhina fundi wa malori. Salha alishika mimba mara mbili, na mara mbili mimba ikatoka. Aliposhika ya tatu, daktari alimwambia, "Lala kwa ubavu wa kushoto. Usiinuke ila kwa haja, mpaka siku ya kujifungua."

Basi Salha akalala. Mwezi mmoja alilala akitazama mlango, mwezi wa pili akitazama ukuta. Kila alipoletewa sahani aliwakumbuka wale wawili aliowapoteza, na koo likafunga. Aliletewa wali, koo likafunga. Aliletewa uji wa ulezi, koo likafunga. Aliletewa ndizi za nazi alizozipenda tangu usichana wake, akazigeuzia mgongo. Muuguzi aliyekuja kumtazama kila Jumatatu alizungusha utepe wa kupimia kwenye mkono wa Salha, akausoma, kisha akasema kwa upole, "Mama, huyu wa ndani anakula kwako. Wewe usipokula, hana mlango mwingine wa kubisha. Na mayai, nakuomba. Hata moja kwa siku."

Mhina hakujua kupika wala kubembeleza. Aliazima mashine ya gemu kwa rafiki yake, akaifunga kwenye runinga iliyokuwa miguuni pa kitanda. "Angalau utazame kitu kinachotembea," alimwambia mkewe.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mbio za magari. Mchezaji hushika pedi kwa mikono miwili na kuliongoza gari kwa vidole, na kwa njia ya mtandao hushindana na watu wa miji mingine, akiwasikia na kuwajibu kwa vipokea sauti vya masikioni. Siku ya kwanza Salha aliingia mitaroni. Siku ya tatu alianza kuwapita watu kwenye kona. Siku ya tano alicheza tangu asubuhi hadi adhuhuri, na siku hiyo hakulia.

Mama yake Mhina, Bi Mwanamkuu, aliyekuwa akiishi nao, hakulipenda jambo hilo.

"Mwenye mimba na magari ya kupinduka!" alisema. "Atatuzalia mtoto mwenye kizunguzungu."

Akaichukua pedi, akaifukia ndani ya pipa la mchele. Siku mbili ilikaa humo, na siku mbili Salha hakutia kitu kinywani ila maji ya kulainisha ulimi. Siku ya tatu bibi aliingia chumbani, akaifuta punje za mchele kwa ncha ya khanga yake, akaiweka kifuani pa mkwewe.

"Endesha," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini utakula huku unaendesha, mwanangu. Ukinikatalia na hilo, sitajua tena la kufanya."

Ndipo ilipogundulika siri. Macho ya Salha yakiwa barabarani, kinywa chake kilifunguka chenyewe, kwa kuwa hakuwa akiitazama sahani.

Lakini chakula gani? Chakula cha mtu aliyelala ubavu, mwenye mikono yenye kazi na macho yasiyobanduka, kina masharti yake: kisimwagike, kisinuke, kisipake vidole mafuta, na kiishe kwa kuuma mara mbili. Wali ulimwagika. Chapati ilitaka mchuzi, na mchuzi ukataka shuka jipya. Bi Mwanamkuu akawaza siku nzima, na kesho yake akapika katlesi. Aliponda viazi, akachanganya na nyama ya kusaga, akakamulia ndimu, akazifinyanga ndogondogo, kila moja kama yai la njiwa. Ila yai lenyewe la kuchovyea hakulitia, kwa sababu alilelewa akijua kwamba mwenye mimba akila mayai, mtoto huzaliwa na kipara.

Na katlesi isiyopitishwa kwenye yai haikai. Zilibomoka mkononi, zikabomoka juu ya mto wa kulalia, zikabomoka shavuni. Chembe ziliingia kwenye vitufe vya pedi, na gari la Salha, likiwa katikati ya daraja, likakata kushoto kwa hiari yake na kutumbukia mtoni.

"Salaam zangu kwa samaki, wifi," ilisema sauti mlangoni.

Huyo alikuwa Mwajabu, dada yake Mhina, aliyerudi kwa mama yake baada ya ndoa ya miaka kumi isiyokuwa na mtoto. Ulimi wake ulikuwa mkali. Ni yeye aliyewahi kusimama uani, makusudi sauti ifike dirishani, akamwambia kaka yake, "Tumbo la mkeo ni stesheni. Abiria wanapita tu, hawashuki." Salha alikuwa hajalisahau neno hilo. Mwajabu naye, nadhani, alikuwa hajalisahau.

Adhuhuri ile Bi Mwanamkuu alikwenda kuswali. Mwajabu akaingia jikoni, akavunja mayai mawili, akayapiga, akachovya katlesi moja moja, akazikaanga tena, akazikausha juu ya karatasi mpaka ngozi zikawa kavu. Kisha akaketi kitandani kwa wifi yake.

"Fungua."

"Zinabomoka, wifi."

"Za mwanzo zilibomoka. Fungua, usinichoshe."

Katlesi ikaingia nzima. Na tangu hapo, kila siku, mama alipotandika mswala, binti alivunja mayai. Kila siku alimlisha Salha kwa mkono wake, moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa kikombe hakinyweki kwa ubavu, alitia maji ya ukwaju yenye sukari katika vifuko vyembamba, akayagandisha, akakitoboa kila kifuko pembeni kwa jino, akakiweka kwenye pembe ya mdomo wa Salha. Salha akafyonza huku anapinda kona.

Hata hivyo, palibaki kizuizi kimoja. Salha aliuma, Salha alitafuna, lakini Salha hakumeza. Mbio zilipopamba moto, donge lilikaa shavuni. Mbio zilipokwisha, woga ulirudi na donge likatemwa.

Siku moja, katikati ya mbio, sauti ya mwanamke ilimwita kwenye vipokea sauti.

"Dada wa gari la kijani, unatafuna nini huko? Nakusikia."

"Katlesi."

"Mbona nasikia kutafuna, kumeza sisikii?"

"Nikimeza nitapitwa."

"Na usipomeza?"

Salha hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari ya woga wake. Labda ni kwa sababu sauti ile haikuwa na uso, alisema, "Nina mimba. Wawili wamekwisha kunitoka. Nikimeza peke yangu naogopa."

Kisha Salha aliona gari jekundu, lililokuwa mbele ya wote, likipunguza mwendo. Likatoka barabarani. Likaegeshwa majanini.

"Egesha hapa karibu yangu," ilisema sauti. "Haya. Mimi nipo. Meza."

Magari mengine yaliwapita, moja, mawili, matano, tisa. Salha akauma, akatafuna, akameza.

"Nyingine."

Akauma, akatafuna, akameza.

Mwanamke yule aliitwa Kokushubira, mshoni wa Bukoba, aliyekaa peke yake na cherehani yake. Kuanzia siku hiyo, kila adhuhuri, magari mawili yaliegeshwa majanini, jekundu na la kijani, mpaka sahani iwe tupu. Wiki kumi na moja ziliendelea hivyo, na Muuguzi kila Jumatatu aliusoma utepe wake na kutabasamu.

Ndipo ikafika adhuhuri moja. Bi Mwanamkuu ameshika sahani, kwa kuwa siku hiyo aliswali mapema. Mwajabu ameshika katlesi. Kokushubira ameegesha. Salha akameza, na mara akatulia. Mtoto alikuwa amepiga teke, la kwanza lenye nguvu, kama mtu agongaye kudai zaidi. Salha alilia kwa furaha, na katika kilio chake akasema, "Mola wangu, naweka nadhiri! Ukinipa huyu nikampakata akiwa hai, jina lake litakuwa la mtu aliyenilisha."

Mwenye sahani alisikia. Mwenye katlesi alisikia. Aliyeegesha Bukoba alisikia. Na kila mmoja, kwa nafsi yake, akadhani ametajwa yeye, akaificha furaha.

Mtoto alizaliwa Ijumaa, msichana, mzima, mwenye nywele tele. Siku ya saba mbuzi alichinjwa, na mwalimu wa madrasa akaketi barazani akingoja jina. Salha alikuwa chumbani na mtoto. Bi Mwanamkuu aliingia, Mwajabu akaingia. Mhina, aliyekuwa amempigia Kokushubira simu ili naye asikie, aliiweka juu ya mto na kufungua sauti.

"Haya, mama mtoto," alisema Mhina. "Nadhiri ni yako, nami sina la kuongeza. Jina?"

"Lipo," alisema Bi Mwanamkuu. "Mjukuu wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi mzaa baba, ndivyo ilivyo kwetu. Lakini tuiache desturi, tuishike nadhiri. Ni nani aliyewaza katlesi? Mimi. Nani aliponda viazi, akafinyanga, akakaanga, wiki baada ya wiki, mgongo ukiniuma? Mimi. Mtu hulishwa na mpishi."

"Mama, chakula kilikuwa chako, sikatai," alisema Mwajabu. "Lakini kilikuwa kinaishia kwenye shuka. Nani alikifanya kikafika tumboni? Tena leo nitasema, mnipige mkitaka: nilikuwa nachovya kwenye mayai. Kila siku, wewe ukisujudu. Yale mayai aliyoyaomba Muuguzi yamepita kwenye vidole hivi, na vidole hivi ndivyo vilivyomtia wifi yangu chakula kinywani. Mtu hulishwa na mkono."

Salha alidhani mkwewe angepiga kelele. Bi Mwanamkuu alicheka kidogo.

"Mwajabu, unaniona mimi kipofu? Kuku ni wangu. Tetea wangu wa madoa hakuatamia mwaka huu, unajua kwa nini? Kwa sababu kila jioni nilikuwa nayatoa mayai chini yake, nayaweka kwenye bakuli lile lile, mahali pale pale utakapoyaona. Kisha nakwenda kuswali rakaa ndefu. Nilikuwa naogopa kuyatia mimi. Sikuogopa wewe kuyatia."

Mwajabu aliketi pembeni ya kitanda. Alipojibu, sauti yake haikuwa ile kali.

"Wewe una sisi, mama. Jina lako litatajwa. Mimi sitazaa, mnajua. Nikifa, nani ataitwa Mwajabu?" Kisha akamgeukia Salha. "Nilikuambia neno baya, wifi, la stesheni. Kila katlesi niliyokulisha nilikuwa naliondoa neno hilo. Sijui kama limekwisha."

Salha alimshika mkono. Hakusema limekwisha, wala hakusema halijakwisha.

"Basi mtoto aitwe Katlesi," alisema Mhina, "tumalize." Hakuna aliyecheka ila simu.

"Na wewe, Koku?" Salha aliuliza. "Mbona husemi?"

"Mimi sina dai, dada. Sijaponda kiazi, sijavunja yai. Hata harufu ya chakula chenu siijui. Hao ndio wenye haki."

"Nilitazama orodha," alisema Salha. "Ya madereva wanawake wa nchi nzima. Siku ulipoegesha mara ya kwanza ulikuwa wa tatu. Kumi wa kwanza waliitwa kwenye mashindano makuu. Orodha ilipofungwa, wewe ulikuwa wa sitini na mbili."

Kutoka Bukoba cherehani ilisikika ikizunguka polepole bila kushona kitu.

"Niliyataka sana mashindano yale," alisema Kokushubira mwishowe. "Siwezi kukudanganya. Lakini hapa kwangu nala peke yangu, miaka tisa sasa. Wewe ulipokuwa unameza, na mimi nilikuwa na sahani yangu magotini. Hukujua. Tulikuwa tunakula pamoja. Ukinitaka niseme dai langu, ni hilo tu: walikupa chakula, mimi nilikaa mpaka ukala."

Salha alimtazama mkwewe, aliyeificha pedi kwenye mchele kisha akayaweka mayai mahali pa kuibwa. Alimtazama wifi yake, aliyemchoma kwa neno kisha akamlisha kwa mkono. Aliitazama simu, ambayo ndani yake mlikuwa na mwanamke asiyewahi kumwona, aliyeacha njia yake akangoja majanini. Nadhiri ilitaka jina moja. Akilitaja, atawatia simanzi wawili aliowapenda. Asipolitaja, atakuwa amemwahidi Mola na kumkimbia.

Mtoto aliamka, akageuza uso huku na huku, akafungua kinywa. Salha akampa ziwa. Mtoto akafyonza, akatua, akafyonza tena, na wote wanne, watatu kwa macho na mmoja kwa sikio, wakamsikiliza akimeza.

"Mama mtoto," mwalimu aliita kutoka barazani, "watu wanangoja. Anaitwa nani?"

Salha akavuta pumzi ili ajibu.

Nami hapa naishia, wasikilizaji wangu, neno nawaachia nyinyi. Mmoja alipika, mmoja akachovya na kutia kinywani, mmoja akangoja. Je, kati yao watatu, ni nani aliyemlisha Salha?