Mamba Aliyeonwa na Wote

Wewe uliyekaa karibu na mlango, ndiyo, wewe: umewahi kuapa kwamba umeona kitu ambacho hukukiona? Usitazame dari. Nakuuliza wewe.

Haya, basi tuanze.

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya mgonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo kale, kale hasa, kabla babu wa babu yako hajaota meno, palikuwa na ziwa. Ziwa hilo halikuwa la Twiga. Halikuwa la Nyumbu. Lilikuwa la wote, na hilo ndilo lilikuwa jina lake: Ziwa la Wote. Kila mwaka, nyika ikishakauka na kupasuka kama kisigino, wanyama walifunga safari kwenda kupumzika huko. Huyu akaogelea. Huyu akajigaragaza topeni. Huyu akatembea ukingoni akiwatazama heroe, wale ndege wekundu wenye miguu kama vijiti, wamejaa majini elfu kwa elfu. Na wengine, tusidanganyane, walikwenda ili waonekane wamekwenda.

Bwana Twiga alikuwa mmoja wao. Alitembea taratibu, shingo juu, akisimama kila palipo na watazamaji.

Sasa, ukingoni mwa ziwa palikuwa na mgunga mmoja, na chini ya mgunga kivuli kimoja, kivuli cha haja, kinachogusa maji. Ukikaa pale unakunywa bila kuinuka. Bi Kanga, ndege wa madoadoa, alikuwa na uchungu na kivuli kile. Kila mwaka alifika wa kwanza. Kila mwaka alisukumwa. Nyumbu alikuja na ukoo wake mzima, wakakalia kivuli chote. Mwaka uliopita walimkalia hata yeye Kanga.

"Samahani, dada," Nyumbu alisema. "Sikukuona."

"Hujawahi kuniona, kaka."

Basi mwaka ule Kanga akasema moyoni: safari hii nitakaa mimi.

Kazi ya kanga mnaijua? Kanga ndiye mpiga mbiu wa nyika. Akiona hatari analia, na akilia hakuna anayesimama kuuliza. Wanyama ndio kwanza wanateremka ukingoni, ndimi nje, na kiu ya siku tatu za njia. Hata mmoja hajagusa maji. Kanga akapanda juu ya jiwe.

"Kekeke! Kekeke! Mamba! Mamba majini!"

Loo! Nyumbu na ukoo wake, puku puku puku! Twiga, miguu huku, shingo kule! Vumbi likapanda, tifu! Wakakimbia mpaka juu ya kilima, wakasimama wakihema.

Kivuli kikabaki kitupu. Kanga akashuka jiweni, akajikung'uta mabawa, akaanza kukiendea. Hatua moja. Hatua mbili.

"We Kanga!" wakapiga kelele kutoka juu. "Una wazimu? Kimbia, mamba huyo!"

Kanga akakitazama kivuli. Akatazama kilimani, macho yote kwake. Angefanya nini? Akakimbia na yeye.

Basi wakakaa kilimani. Maji yale pale, kiu hii hapa. Wakakaa, wakasimama. Wakasimama, wakazunguka. Wakazunguka, wakakaa tena.

"Nani mwingine amemwona?" akauliza Mama Milia. Huyu alikuwa punda milia, na alikuwa na binti wa siku nne, ambaye miguu yake bado ilikuwa inagombana yenyewe kwa yenyewe.

Wote wakamgeukia Twiga. Waliitazama tu ile shingo.

Twiga akakohoa. "Mimi? Kwa urefu huu nisimwone? Nimemwona. Mkubwa."

"Hata mimi!" akadakia Nyumbu. "Nimeuona mkia!"

"Mkia ulikuwa upande wa kushoto," akasema Twiga.

"Kushoto kabisa!"

Kanga akawasikia, manyoya yakamsimama. Jua likafika utosini. Maji yale pale, kiu hii hapa. Wakakaa, wakasimama. Wakasimama, wakazunguka.

"Mbona heroe hawajaruka?" Mama Milia akauliza. "Wako majini tangu asubuhi, wanakula, hawana habari."

"Heroe hawana nyama," akajibu Twiga. "Mamba wa aina ile hali vijiti. Ni jambo linalojulikana."

"Linajulikana na nani, Bwana Twiga?"

"Na wanaojua."

Adhuhuri mamba akaota meno mawili ya ziada. Alasiri alikuwa na mke na watoto saba, na kila mnyama alikuwa ameona angalau mtoto mmoja. Kanga mwenyewe, aliyemzaa mamba yule kwa mdomo wake, akaanza kuyachungulia maji kwa hofu. Aliona kiu kama wenzake. Lakini akishuka kunywa, watamwuliza amejuaje kwamba ni salama. Halafu, na kama yupo kweli? Si Twiga amemwona?

Akamsogelea Nyumbu. "Kaka, labda ameshaondoka."

"Ameondoka vipi na mimi namwona?"

"Wapi?"

"Si pale!" Nyumbu akaelekeza pembe kwenye maji matupu.

Binti wa Mama Milia akanyonya. Akanyonya, hakupata kitu. Akampiga mama ubavuni kwa kichwa, akanyonya tena. Mama asiyekunywa, maziwa yatoke wapi? Mtoto akakunja miguu, akalala chini, masikio yameanguka.

Mama Milia akasimama. "Mimi naondoka. Nakwenda kwenye bwawa la ng'ambo ya nyika."

"Siku mbili hizo, mama," akasema Nyumbu. "Juani. Na simba njiani."

"Najua."

"Mtoto hatafika."

"Najua, kaka. Na hapa atafika wapi?" Akamsukuma binti yake kwa pua. "Inuka, mwanangu. Inuka twende."

Mtoto akainuka. Hatua moja, hatua mbili, puu! Akaanguka. Akainuliwa tena.

Kanga akatazama. Akageuka pembeni. Akatazama tena.

"Mama Milia, usiende!" akasema. "Hakuna mamba. Nilidanganya. Nilitaka kivuli."

Nyumbu akacheka. "Maskini, kiu imempanda kichwani."

"Ni mimi niliyesema, kaka! Nilimtunga!"

"Utunge vipi kitu ambacho mimi nimekiona?"

Kanga hakubishana tena. Akateremka kilima, tuku tuku tuku, akafika majini. Chubwi! Akazama mpaka kifuani, akanywa. "Tazameni!"

"Mamba anamwacha makusudi," akasema Nyumbu. "Anangoja wenye nyama." Na ukoo wote ukaitikia kwa vichwa.

Mama Milia hakucheka. Akaenda mpaka miguuni pa Twiga, akainua uso.

"Bwana Twiga. Kanga anasema alidanganya. Nikimwamini, nampeleka mwanangu majini. Nikikuamini wewe, nampeleka juani. Sina mtoto wa kujaribia. Uliona nini?"

Twiga akatazama ziwa. Akatazama mawingu. Akabadilisha mguu.

Niwape fundisho sasa hivi, wakati Twiga anatafuta maneno, maana baadaye mtaniambia mlikuwa mmelala. Aliyeanzisha uongo alikuwa mmoja. Waliowazuia wanyama kunywa kutwa nzima ni wale walioona haya kusema hawakuona. Kama hukuona, sema hukuona. Na nyinyi watu wazima mliokaa nyuma, nanyi pia.

Twiga akapanua miguu ya mbele, huku na huku, vile wafanyavyo twiga wakitaka kunywa. Akaiteremsha ile shingo, ikashuka, ikashuka, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto aliyelala vumbini.

"Sikuona mamba," akasema, na Nyumbu akasikia, na ukoo wote ukasikia. "Sikuona hata mkia. Nilikimbia kwa sababu mlikimbia. Mlipoitazama shingo yangu, nikasema nimeona."

Mama Milia akamwinua binti yake kwa pua, wakateremka majini, na wengine wote nyuma yao.

Hadithi yangu imefika majini. Naiacha hapo inywe.