Nguchiro Aomba Uaskari

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vituo vya polisi kama sisi, tangazo lilibandikwa kwenye mti wa mgunga: "Anatakiwa askari mmoja."

Nguchiro akalisoma mara tatu. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, maana kila mwanawe alipokwenda kuchota maji, wenzake walimwimbia, "Mtoto wa mwizi huyoo! Ficheni mayai!"

Akajaza fomu. Palipoulizwa, "Umewahi kuiba?" akaandika: "Ndiyo. Mayai ya Mama Kanga. Nilikiri, nikamfagilia banda masika mawili mazima."

Siku ya usaili akawakuta wakubwa wawili: Nyati, mkuu wa kituo, na sajini wake, Kifaru.

Kifaru akaisoma fomu, akacheka hadi madirisha yakatikisika. "Ho! Ho! Ho! Mwizi aje kulinda! Mama, umepotea njia?"

"Sijapotea, afande. Nimeandika ukweli."

"Ukweli wako kaa nao," akasema Nyati. "Nenda nyumbani."

Moyo ukampasuka Nguchiro. Arudi amwambie nini mwanawe? Akasema upesi, "Nipeni jaribio moja tu. Wekeni yai mezani mlilinde. Nikichukua kitu humu ndani msinione, mniajiri. Mkiniona, sikanyagi tena hapa."

Wakubwa wakakonyezana. Kifaru akaleta yai, akalikodolea macho.

Nguchiro akazunguka meza, pitapita, pitapita. Mara akaruka juu ya kiti. "Afande mkuu, yai hili si lina ufa? Lisije likapasuka mkasema ni mimi."

"Wapi?" Nyati akainama mpaka pua ikagusa meza. Kifaru, ambaye haoni mbali, naye akainama. Vichwa vikagongana, ngo!

"Angalia, wewe!"

"Samahani, mkuu! Lakini yai lipo!"

"Lipo kweli," Nyati akatabasamu. "Basi, mama, umeshindwa."

"Yai lipo, afande. Funguo za mahabusu je?"

Nyati akapapasa pembe la kushoto, alikozoea kuzitundika. Tupu!

Nguchiro akazitoa nyuma ya mkia, chwa! Akamrudishia kwa mikono miwili. "Mlilinda yai kwa sababu niliwahi kuiba yai. Lakini mwizi hupita pale ambapo hamtazami. Njia hizo nazijua, na sasa nataka kuziziba."

Kifaru akajikuna shingo. "Mkuu, huyu tusimwache aende zake."

Nyati akavuta fomu, akagonga mhuri, pa! "Miezi mitatu ya majaribio. Na ukichukua hata punje moja..."

"Utanikamata, afande."

"Nikikuona!" akasema Nyati, akaangua kicheko mwenyewe.

Nguchiro akatoka mbio kwenda kumwambia mwanawe.

Basi, wadogo zangu, hadithi yangu inasema hivi: aliyekosea akakiri na kuacha, mpeni kazi mumwone.