Gari Jekundu la Londiani

Chuma hakisahau nyundo. Mnacheka, wanangu, mnadhani ni maneno ya gereji. Haya, sogeeni. Msemo huu ulizaliwa Nakuru, nikiona kwa macho yangu, na chanzo chake ni hiki.

Zamani kulikuwa na mashindano ya magari kwenye milima ya Londiani. Mwaka mmoja gari dogo jekundu la viti viwili lilibingirika kwenye kona ya mtoni. Wanakijiji wakaliinua, wakaligongagonga, wakaziba sakafu kwa mabati ya paa, likarudi barabarani na kushinda. Dereva alikuwa Kimalel arap Sang. Magazeti ya wakubwa yakaandika kwamba mshindi ni Bwana Pelham, mwenye gari, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa kivulini na chai yake! Waliosahau wasahau, mimi sijasahau.

Wazee hao wote wawili walipokwisha kufa, chama cha magari ya kale kikatangaza kwamba gari lile litawekwa makumbusho, na jina la dereva wake lichongwe ukutani. Siku ya ukaguzi yakafika magari mawili mekundu, yenye namba ileile. Moja la mjukuu wa Pelham, linang'aa kama sahani ya harusi. La pili lilivutwa kwa trekta na Jerotich, binti Kimalel. Baba yake aliachiwa gari hilo na Bwana Pelham lilipochakaa.

Huyo mjukuu, Pelham, akatangulia kuhutubia. Akasimulia jinsi babu yake alivyobingirika mtoni na bado akashinda. Makofi! Kisha akaligeukia gari la Jerotich.

"Mama, hiki si kibanda cha kuku? Langu ndilo halisi. Liko vilevile lilivyotoka kiwandani."

"Halijabonyea hata siku moja?"

"Kamwe."

"Wala kuonja nyundo?"

"Hata kidogo! Mkaguzi apapase mwenyewe."

Mkaguzi, Mzee Odera, akaingia uvunguni. Akatoka akijipangusa vumbi. "Kweli. Laini kama shavu la mtoto."

"Sasa lilibingirika wapi, mwanangu?" Jerotich akauliza. "Kwenye godoro?"

Uwanja ukaangua kicheko. Odera akaingia chini ya lile la pili. Akayakuta mabati ya paa, migongo yake imelazwa kwa nyundo, na ubavu mzima una makovu ya kugongwa. Pelham akachuchumaa kando yake, akatazama, masikio yakawa mekundu kuliko gari.

"Nyumbani tuliambiwa ni lile," akasema taratibu.

"Nasi nyumbani tuliambiwa ni hili," Jerotich akamjibu.

Hadithi ya babu ikaanguka pamoja na gari lake, na jina la Kimalel arap Sang likachongwa. Mpaka leo nikipita pale nalisoma kwa sauti, walinzi wameshanizoea. Ila fundi wa makumbusho alitaka kwanza kunyoosha ule ubavu na kuupaka rangi, gari lipendeze. Jerotich akamshika mkono.

"Weka hiyo rangi chini. Baba yangu watu walimsahau. Chuma hakisahau nyundo."