Kigoda cha Bibi Nakundwa

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi, bali zamani ya juzijuzi ambayo wajukuu zake bado wanalima mashamba yaleyale, aliishi katika milima ya Upare mama mmoja aliyeitwa Nanzia. Nanzia alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima. Alikuwa pia na mama yake mzazi, Bibi Nakundwa. Na Bibi Nakundwa alikuwa na hadithi moja.

Kila mwaka maharage yakishavunwa, ukoo ulikusanyika uani mchana kweupe. Bibi aliketi kwenye kigoda alichoachiwa na mama yake, akasimulia. Alisimulia jinsi mama yake huyo, mwaka wa nzige, alivyotoka tambarare kupanda milimani kutafuta chakula, akiwa na mabinti wawili. Wa miaka miwili alikuwa mgongoni, ndiye yeye Nakundwa. Wa miaka sita alitembea kwa miguu, ndiye dada yake, Nakijwa. Aliyefika milimani alikuwa mmoja.

"Dada yangu alipotea njiani," Bibi alimalizia kila mara. Kisha ukoo wote uliimba wimbo ambao yule mama aliuimba safarini:

Mgongo ni mmoja, watoto wawili,
kibuyu ni kimoja, mlima ni mrefu.

Nanzia aliusikia wimbo huo kutoka jikoni. Yeye ndiye aliyepika siku hizo, na watu walikuwa wengi. Alijiambia, mwakani nitakaa nimsikilize mama vizuri. Mwakani ikaja, akapika. Mwakani nyingine ikaja, akapika.

Halafu Bibi akaanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita Nanzia kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Siku moja akili ilipomtulia, alimshika bintiye mkono, akamwambia, "Nanzia, maneno yananikimbia. Nikiondoka, kigoda changu mpe yule aliyeiponya hadithi yetu. Mpe mmoja. Kigoda hakikaliwi na wawili."

"Nitampa, mama," Nanzia alijibu. Aliona ni jambo jepesi.

Sasa wasikieni hao watoto wenyewe.

Wa kwanza aliitwa Kiondo, karani katika shamba la mkonge. Kiondo hakuwa msemaji. Tangu ujana wake, Bibi akisimulia, yeye huandika. Aliandika kila neno, hata Bibi alipokohoa aliandika "hapa amekohoa". Alijaza madaftari manne, akayafungia sandukuni. Wadogo zake walipoomba kuyasoma alikataa. "Mtayachafua," alisema. Basi yakakaa humo miaka kumi na moja, hakuna aliyeyafungua.

Wa pili aliitwa Mshitu, muuza tangawizi. Mshitu alikuwa na ulimi wa asali. Bibi alipoacha kusimulia, yeye alisimulia. Alisimulia harusini, alisimulia kilabuni, alisimulia gulioni kule tambarare, watu wakaacha kununua wakamzunguka. Lakini Mshitu alitia chumvi. Alitia simba. Katika hadithi yake, simba ndiye aliyemnyakua Nakijwa, na mama akapambana naye kwa fimbo mpaka jua likazama.

"Simba umemtoa wapi wewe?" Kiondo alimfokea.

"Kaka, bila simba nani atasikiliza? Hadithi yako iko sandukuni inaliwa na mende. Yangu inaimbwa na watoto ambao hata hawatujui."

Wa tatu aliitwa Naetwe. Yeye hakuandika wala hakusimulia mbele za watu. Alirudi nyumbani kumuuguza Bibi. Alimwogesha, alimlisha, alimfuata alipotoka kwenda asikokujua. Na kila asubuhi, akimsuka nywele, alimsimulia Bibi hadithi ya Bibi mwenyewe. "Paliondokea mama na mabinti wawili," alianza. Siku nyingine Bibi alimtazama tu. Siku nyingine aliitikia neno moja, akaongeza lingine.

Asubuhi moja Naetwe alifika penye "dada yako akapotea", Bibi akamshika mkono uliokuwa na kitana.

"Hakupotea," Bibi akasema. "Alitolewa. Mama alimpa wafugaji, wakampa kikapu cha mtama. Kwa mtama ule ndio mimi nikaishi. Mama aliniambia yote siku ya kufa kwake. Naetwe, usimwambie mtu. Usimvue mama yangu nguo mbele za watu."

"Simwambii mtu, Bibi."

"Niapie."

Naetwe akaapa, na Bibi akamsimulia yaliyobaki. Miaka miwili akakaa na neno lile kifuani, hata mama yake hakumwambia.

Basi siku ya gulio, Mshitu alikuwa tambarare akisimulia simba wake. Alipofika kwenye wimbo, mwanamke mmoja muuza maziwa aliweka kibuyu chake chini.

"Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Ni wa kwetu."

"Mama yangu huuimba akikamua," yule mwanamke akasema. "Ni mzee sana. Kwetu hakuna mwingine anayeujua. Lakini kwenye wimbo wake hakuna simba."

Baada ya juma moja, punda alipanda mlima taratibu, na juu yake alikuwa ajuza mwembamba, bintiye akimshikilia. Walimkalisha uani, wazee wa ukoo wakaitwa. Nanzia alimtazama usoni, akamtazama mama yake aliyekuwa anachezea pindo la kanga. Nyuso zilifanana. Lakini wazee wengi hufanana.

Ajuza akasema, "Wimbo hupeperuka, mtu yeyote anaweza kuuokota. Niambieni mnachokijua."

Mshitu alifungua kinywa. Alikuwa na simba tu. Akakifunga.

Kiondo alikwenda akafungua sanduku. Alisoma kwa sauti ya kukwama, kama mtu asiyezoea kusikia sauti yake. Alisoma jinsi mwiba ulivyomchoma Nakijwa mguu wa kushoto, mama akachana kaniki yake akamfunga. Alisoma jinsi Nakijwa alivyokataa kunywa maji kwanza, akasema, "Mpe mtoto." Mambo hayo Mshitu aliyaacha zamani. Ajuza alikuwa akitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka. Kiondo akaendelea: "Asubuhi tulipoamka, Nakijwa hakuwapo. Alipotea."

Ajuza akaacha kutikisa kichwa. Alifuta uso kwa kiganja.

"Basi si ninyi," akasema. "Mimi sikupotea. Mtu aliyepotea hutafutwa. Mwanangu, nipandishe punda."

Bintiye akamwinua. Nanzia alitaka kusema neno, lakini angesema nini? Hakuwa na neno hata moja la kwake. Miaka yote ile alikuwa jikoni.

Ndipo Naetwe akapiga magoti mbele ya mgeni. Alimtazama Bibi kwanza, kama anayeomba radhi, kisha akasema, "Hukupotea, bibi. Ulitolewa kwa kikapu cha mtama. Mama yako alirudi mvua ziliponyesha, akiwa na mtama wake mwenyewe wa kukukomboa. Alikuta boma limehama, pamebaki majivu. Alirudi mara tatu."

Wazee wa ukoo waliinamisha vichwa kwa aibu ya lile kapu.

"Alirudi?" ajuza akauliza.

"Mara tatu, bibi."

"Mimi nimekaa miaka yote hii nikijua hakurudi."

Akaketi tena, taratibu. Bibi Nakundwa alikuwa anakula ndizi ya kuchoma. Hakujua ni nani aliyekuja. Alisema tu, "Karibu mgeni. Umetoka mbali?"

"Mbali sana," Nakijwa akajibu.

Bibi akaikata ndizi, akampa nusu.

Nakijwa hakurudi tambarare. Ndugu hao wawili walikaa pamoja miezi minne, kisha mvua za masika zilipoanza Bibi Nakundwa akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake. Matanga yalipoisha, Nanzia akakitoa kigoda, akakiweka katikati ya uani. Watoto wake watatu walisimama mbele yake.

Kiondo akasema, "Mama, bila madaftari yangu mgeni asingetoa chozi. Mimi sikuongeza wala sikupunguza."

Mshitu akasema, "Bila mdomo wangu asingekuja mtu wa kutoa chozi. Mwenzangu alifungia, mimi nilimwaga. Nilikosea simba, nakiri. Lakini nani alimleta yule punda?"

Naetwe akasema, "Mgeni alikwisha kusimama aondoke. Nimevunja kiapo kwa ajili yake, na kiapo hicho nitakibeba mimi peke yangu. Msikifanye kuwa bure."

"Aliyevunja kiapo cha marehemu atakaliaje kigoda chake?" Kiondo akauliza, na wazee wengine wakaguna kumuunga mkono.

Nanzia alimgeukia Nakijwa. "Mama mkubwa, nisaidie. Hadithi ni yako kuliko yetu."

Ajuza akakataa. "Mimi nilitolewa, mwenzangu akabakizwa. Kazi hiyo usinipe."

Basi Nanzia akabaki amesimama, ameshika kigoda kwa mikono miwili, hajui amwelekee nani. Yuko aliyeyatunza maneno akayafungia. Yuko aliyeyaeneza akayapotosha. Yuko aliyeutunza ukweli kwa kiapo, akautoa kwa kukivunja.

Nanyi mliosikiliza, msiniangalie mimi. Kama kigoda kingekuwa mikononi mwenu, je, nani alistahili kukikalia?