Moyo wa Bonge

Chombo kinapoelea majini, mtazamaji aliye nchi kavu huona kuelea tu. Haoni mbao zilizorandwa, wala misumari iliyogongwa mmoja mmoja, wala mikono iliyochubuka kwa kuziba nyufa. Ndiyo maana methali yetu hutuonya kwamba kilicho kizima kimetengenezwa na mtu, na aghalabu kazi hiyo hufanywa mahali ambapo hakuna anayetazama. Fundi wa cherehani ambaye habari zake zinasimuliwa hapa aliijua methali hii tangu utotoni. Kuielewa kulimchukua miaka arobaini na mitano.

Fundi alikuwa mwembamba kama uzi aliotunga kwenye sindano zake. Nguo alizovaa akiwa mwari zilimkaa vilevile hata baada ya kuzaa watoto wawili. Alishonea kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja. Kazi ya kuwazungushia watu futi kiunoni ilikuwa imemzoesha kuamini kwamba afya ya mtu inasomeka kwa inchi. Mteja akinenepa, alimhurumia. Akikonda, alimpongeza, bila kujua kama amekondeshwa na mazoezi au na msiba.

Aliyemhurumia kuliko wote alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, mwalimu wa chekechea ambaye familia nzima ilimwita Bonge. Mwenyewe hakulichukia jina hilo. Alikuwa mpana wa mabega na mzito wa nyonga, na akicheka, hata vikombe mezani vilicheka naye. Kila mwaka Fundi alimshonea gauni, na kila mwaka alimtania kwamba kitambaa chake kingetosha mapazia ya sebule nzima. Bonge alimjibu kwamba cha wifi yake kingetosha leso ya kufutia kamasi. Utani wa mawifi hauna kesi, na wote wawili walicheka yakaisha.

Lakini ulimi hauna mfupa. Jumapili moja familia ilikuwa imekaa kula nyumbani kwa kaka, na mazungumzo yakaangukia jirani mmoja aliyefariki ghafla kwa presha. Watu wazima walisikitika, watoto wakasikiliza. Ndipo Fundi alipomgeukia wifi yake, akasema mbele ya wote, "Na wewe, wifi, kwa mwili huo utamwacha kaka yangu mgane."

Kijiko cha kaka mtu kilisimama hewani. Hakuna aliyecheka, maana hata mtoto mdogo kuliko wote alijua kwamba huo haukuwa utani. Bonge alimaliza kutafuna, akafuta midomo, akajibu kwa sauti yake ya kila siku.

"Huenda. Jumatano ni siku yangu ya kupimwa. Nisindikize, wifi, nisiende peke yangu."

Fundi alikubali upesi. Moyoni alijiona kama shahidi wa kesi ambayo hukumu yake anaijua tayari.

Jumatano ilipofika walikaa kwenye benchi la zahanati bega kwa bega, mmoja amejaza nafasi ya watu wawili, mwingine hajaijaza hata yake. Muuguzi alimfunga Bonge kitambaa cha kipimo mkononi, akaminya mpira, akasikiliza. Kisha akasoma, mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita. Sukari nayo ilikuwa mahali pake. Fundi alinyoosha shingo aone kama muuguzi amekosea kusoma.

"Na wewe, dada, hebu lete mkono," muuguzi akasema.

Fundi alijieleza kwamba yeye amesindikiza tu. Bonge alimtazama, na Fundi kwa haya akakunja mkono wa blauzi. Muuguzi alipima mara moja. Akamwambia apumzike dakika kumi, akapima tena, halafu akahamia mkono wa pili. Alipoinuka alikwenda kumwita daktari bila kusoma namba kwa sauti. Zilikuwa mia moja na tisini na nane kwa mia moja na kumi na tano.

Daktari, mama mmoja wa makamo asiyependa kuzungusha maneno, aliwaita wote wawili kwa ridhaa yao. Alimuuliza Fundi kuhusu kichwa kuuma. Fundi alikiri kwamba kinamuuma kila asubuhi, ila yeye alidhani ni macho kuchoka kwa kushona vitambaa vyeusi. Alimuuliza kuhusu chumvi, ikabainika kwamba Fundi huinyunyiza kabla hata ya kuonja. Alimuuliza kuhusu usingizi, na Fundi akakiri kwamba hulala saa chache tu.

"Huyu mwenzako simfichi," daktari alisema. "Uzito wake ni mzigo, magoti yake yanaujua, na kila akija namwambia asichoke kuupunguza. Lakini leo presha yake ni nzuri na moyo wake unafanya kazi vizuri. Wewe ni mwembamba, nawe ni mgonjwa. Mizani hupima uzito, mama. Haioni mishipa."

Fundi alipewa vidonge vya kunywa kila siku bila kukosa. Njiani Bonge hakumsimanga hata kwa kukohoa. Alimuuliza tu kama angependa waanze kutembea pamoja asubuhi. Fundi alijibu kwamba atafikiri. Alipofika kazini alivitia vidonge kwenye droo ya vifungo, akatia masikio pamba. Alijiambia kwamba kipimo kilikuwa kibovu, kwamba siku ile hakuwa amekula, kwamba tangu lini mtu mwenye kiuno cha inchi ishirini na sita akaugua ugonjwa wa wanene. Bonge alipompigia simu kumkumbusha, alimdanganya kwamba anakunywa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku ya kumi na tisa, kabla ya saa nne asubuhi, Fundi alikuwa akimjaribisha suruali karani mmoja wa benki. Mkasi ukamponyoka. Aliinama kuuokota, na mkono wake wa kushoto ukakataa kumtii, umelala ubavuni kama mkono wa koti tupu. Akajaribu kuomba msamaha kwa mteja, maneno yakatoka yamevunjika, na mdomo ukavutwa upande mmoja. Karani alimkalisha chini, akachukua simu ya Fundi iliyokuwa mezani na kupiga namba ya mwisho iliyopigwa. Ilikuwa ya Bonge.

Shule ilikuwa mitaa miwili kutoka hapo. Waliokuwa barabarani walisimulia baadaye kwamba mwalimu aliwapita kwa mbio huku amekamata pindo la gauni, na wengine walisogea wakidhani anafukuzwa. Alipanda ngazi zote bila kusimama. Swali lake la kwanza kwa karani lilikuwa hali ile imeanza saa ngapi. Karani akamwambia haijafika robo saa, na kwamba wa gari la wagonjwa wamesema watachelewa. Teksi ilikuwepo mlangoni, lakini ngazi zilikuwa nyembamba, zenye kona mbili, na karani mwenyewe alikuwa amejaribu kumnyanyua mgonjwa akashindwa.

Bonge alipiga magoti na kugeuza mgongo.

"Mpandishe hapa," alisema. "Wewe tangulia ushike mlango."

Hivyo ndivyo Fundi alivyoshuka kutoka kazini kwake siku ile, amelala juu ya mgongo aliokuwa akiupima na kuucheka miaka yote. Hakuweza kusema, lakini alihisi kila kitu. Alihisi mikono imemkaza chini ya mapaja, miguu ikitafuta ngazi moja baada ya nyingine, na chini ya kifua chake moyo wa wifi yake ukigonga kwa nguvu na kwa mpango, bila kuyumba, kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Hospitalini walisema ni kiharusi kidogo, kimewahiwa. Wangechelewa, pengine angeamka hana tena mkono wa kazi, au asingeamka kabisa. Siku ya pili vidole vilirudi kucheza, na maneno yakanyooka. Bonge alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya chungwa.

"Wifi," Fundi alimwita, "moyo ule umeutoa wapi?"

Bonge aliendelea kumenya, kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kuulizwa. Mama yake mzazi aliondoka kwa ugonjwa huohuo. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alishindwa kupanda ngazi za darasani bila kupumzika katikati, na watoto wakawa wanamsubiri juu. Akaanza kutembea kutoka nyumbani hadi kona na kurudi, asubuhi kabla watu hawajaamka, kwa sababu aliona aibu. Siku za mwanzo alirudi akilia. Aliacha soda, akaondoa chumvi mezani, akajifunza kulala mapema, na miezi mitatu haikupita bila kupimwa. Ilikuwa imepita miaka sita sasa.

"Na uzito umepungua kilo tisa tu," alimaliza, akatabasamu. "Watu huziona zilizobaki. Siwalaumu, ndizo zinazoonekana."

Machozi yalimtoka Fundi. Alimwomba radhi kwa ile Jumapili, kwa mapazia na kwa uongo wa vidonge, na alimshukuru kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ya harusi. Bonge alimpa kipande cha chungwa.

"Yameisha, wifi. Ila dawa utakunywa nikikuona."

Naye alizinywa. Mwezi uliofuata walianza kutembea pamoja, na siku ya kwanza aliyeomba wapumzike alikuwa yule mwembamba, jambo lililowachekesha wote wawili mpaka wakashikana mikono. Taratibu pumzi yake ilirefuka. Daktari alipompima tena, namba zilikuwa zimeshuka, na Fundi alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, kisha akatoka nje kumshukuru aliyekuwa akimngoja kwenye benchi. Tangu hapo hakuna siku aliyoketi kwenye cherehani na kukunja vidole vyake vya kushoto bila kusema asante.

Siku moja mteja mgeni alikuwa amesimama mbele ya kioo akipimwa gauni, Bonge akapita kumwachia wifi yake dawa na kuondoka. Mteja alimsindikiza kwa macho, akanong'ona kwamba mama kama yule ni wa kuhurumiwa, mwili wote ule, hajijali. Fundi aliweka chaki mezani. Hakukasirika, kwani maneno hayo aliyajua vizuri. Yalikuwa yake mwenyewe.

"Dada yangu," alimwambia kwa upole, "mimi niko hai kwa sababu ya mwili ule, na kila kilicho kizima ndani yake amekitengeneza kwa mikono yake. Usione vyaelea, vimeundwa."