Swali la Mara ya Pili

Waliosema mganga hajigangi hawakuwa na kejeli. Walikuwa wamemwona mtu akiwapa wenzake dawa huku mwenyewe akiteketea, wakakosa la kumfanyia. Kwa Profesa Abdulhadi, mwanafunzi wake Ruweida aliyaona hayo kwa macho yake, na laiti asingeyaona.

Profesa alifundisha saikolojia katika chuo kimoja mjini Mombasa, na wanafunzi walimpenda kama mzazi. Mwanafunzi akianza kutoroka masomo, hakumwandikia onyo. Alimfuata kwao, kwa miguu ikibidi, akaketi na kumsabahi: "U hali gani?" Akishajibiwa kwamba ni njema, alinyamaza, akanywa kahawa aliyoandaliwa, kisha akauliza tena, polepole: "U hali gani?" Alikuwa akisema jibu la kwanza ni la adabu, la pili ndilo la moyo. Ruweida mwenyewe alifuatwa hivyo huko Tudor, babake alipofariki naye akaapa kwamba masomo basi. Swali la pili lilimliza kama mtoto, na wiki iliyofuata akarudi darasani.

Kisha Bi Malak, mke wa Profesa, akafariki. Matanga yalipoanuliwa, kesho yake Profesa alikuwa mbele ya darasa, kanzu imenyooshwa, sauti haitetemeki. Watu wakamsifu kwa kujikaza kiume. "Kazi ndiyo dawa yangu," akawaambia, na somo la siku hiyo likawa majonzi. Aliwafundisha kwamba huzuni isiposemwa humla mtu kimyakimya. Wanafunzi wakayaandika yote.

Wiki iliyofuata alifundisha somo lile lile. Na iliyofuata, tena, kwa mifano ile ile na tabasamu mahali pale pale. Wanafunzi walitazamana. Joab, aliyekaa mbele, alitaka kuinua mkono, jirani yake akamvuta. Nani angemwambia mwalimu wake, tena mfiwa, kwamba amejirudia? Wote wakainamisha vichwa, wakaandika upya waliyokwisha kuyaandika. Heshima nyingine, bwana, ni sumu.

Ruweida akashindwa kuvumilia. Alasiri moja alikwenda Mji wa Kale, akamkuta Bi Bimdogo, dada yake Profesa, akitoka mlangoni na hotipoti.

"Chakula naleta, natukua kile kile kurudi nacho," bibi alilalamika. "Hali kitu. Nikimwuliza, aniambia alhamdulillahi. Ingia wewe, mwanangu, huenda akakusikia."

Profesa alimkaribisha kwa bashasha. Juu ya sinia palikuwa na vikombe viwili vya kahawa, kimoja kimepoa mbele ya kiti kitupu. Alimwandalia mgeni cha tatu.

"Shikamoo, mwalimu. U hali gani?"

"Marahaba, mwanangu. Njema, alhamdulillahi."

Ruweida alinyamaza, akainywa kahawa yake hadi ikaisha. Kisha akauliza tena: "Mwalimu, u hali gani?"

Midomo ilimcheza Profesa, macho yakalengwalengwa na machozi, na Ruweida akaomba moyoni yaanguke. Hayakuanguka. Profesa alitikisa kichwa, akatabasamu tabasamu lile la darasani.

"Swali hilo nimelitunga mimi, Ruweida," alisema. "Najua linakoingilia, na najua pa kulikwepa."

Akamsindikiza hadi nje kwa dua nyingi, akafunga mlango.

Siku ya somo Profesa alifika kwa wakati, kanzu imenyooka kama kawaida. Lakini hakwenda mbele. Alipita katikati ya madawati hadi nyuma, akaketi kando ya Ruweida, akakunja mikono, akautazama ubao. Darasa zima likazizima. Hatimaye Profesa alimwinamia Ruweida, akamwuliza kwa sauti ya chini, kwa wasiwasi wa kweli:

"Mwalimu hajaja leo? Amepatwa na nini? Hakuna aliyemfuata kwao kumwuliza hali?"

Ruweida alimshika mkono, akamwinua taratibu, wakatoka pamoja kuelekea kwa Bi Bimdogo, huku nyuma yao Joab akilia waziwazi. Njia nzima Profesa alimhimiza waharakishe, wasije wakamkosa huyo mwalimu mgonjwa. Wangapi aliwaganga, na dawa ilikuwa yake mwenyewe. Lakini wahenga hawakukosea, mganga hajigangi.